Waliomsubiri Guerschom

Kila asubuhi, kabla madereva hawajaja kudai karatasi zao za mizigo, Kaltumi alisoma barua za watu ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Alikaa katika ofisi ya malori ya kaka yake Nasur, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa hapo Old Kampala, akafungua kompyuta na kuanza kutenganisha mchele na pumba. Matangazo ya mikopo na ya dawa za nguvu za kiume aliyatupa. Barua iliyouliza mambo mawili kwa mpigo aliigawa, kila swali likapata kichwa chake. Waliotukanana aliwaandikia pembeni, mmoja mmoja, kwa maneno ya upole, mpaka hasira ikashuka.

Hizo zilikuwa barua za Kadi Moja, programu ya kuhifadhi kadi za wagonjwa. Ilitengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya zahanati ndogo zisizoweza kununua programu za wakubwa, na wenyewe walikuwa wametapakaa: Kampala, Kigali, Kisumu, Bukavu, na mmoja Ubelgiji. Hawakuwa na ofisi wala ukumbi wa mikutano. Walikuwa na orodha mbili tu za barua pepe. Ukituma barua kwenye orodha, inamfikia kila aliyejiandikisha. Orodha ya kwanza ilikuwa ya watumiaji, ambako wauguzi waliuliza na kulalamika. Ya pili ilikuwa ya watengenezaji, ambako walioandika programu walibishana. Kaltumi alikuwa msimamizi wa zote mbili. Kuandika programu hakujua na hakujidai kujua. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kitu, kukipanga, na kila Ijumaa kuandika muhtasari: nini kimeulizwa, nani amejibu, nini kimebaki kinaning'inia.

Aliingia humo kupitia mlango wa nyuma. Zamani alikuwa karani wa kadi katika zahanati moja ya Kisenyi, na siku moja kompyuta ilipomgomea alituma swali huku akiona haya. Aliyemjibu ni Guerschom, Mkongo wa Bukavu aliyekimbilia Kampala na familia yake, ambaye mkono wake ndio ulioandika sehemu kubwa ya programu. Alimweleza hatua kwa hatua kama mtu anayemshika mkono mgeni kwenye ngazi zenye giza, kisha akamshukuru kwa kuuliza. Baadaye zahanati ile ilifungwa, lakini Kaltumi hakuweza kuiacha orodha. Guerschom aliwaandikia wenzake kwamba Kadi Moja ina waandishi wengi na haina msomaji hata mmoja, na kwamba sasa amempata. Basi Kaltumi akakabidhiwa funguo. Nasur alimcheka kwa kufanya kazi isiyo na mshahara, yeye akaendelea kusoma. Hakuna mahali pengine duniani ambako watu walisubiri Ijumaa wamsome.

Barua iliyoleta balaa ilitoka kwa muuguzi aitwaye Annick, wa zahanati moja kwenye ukingo wa Ziwa Kivu. Aliandika kwa Kiswahili kifupi, cha mtu aliyechoka. Kwao umeme hukatika ovyo. Ukikatika wakati kadi inahifadhiwa, kompyuta ikiwaka tena kadi mbili huwa zimechanganyika: jina la huyu, dawa za yule. Jumatatu iliyopita mtoto mmoja wa kifafa alikuwa amepewa dawa ya mtoto mwingine, na ya kwake hakupewa. Alishikwa na kifafa mikononi mwa mama yake, na tangu hapo haoni vizuri. Annick hakumlaumu mtu. Aliuliza tu wafanye nini.

Kaltumi aliisoma mara mbili, kisha akaanza kuchimba katika barua za nyuma. Akakuta kwamba hitilafu hiyo ilikuwa imeshatajwa. Mtu wa Kisumu aliilalamikia miaka mitatu nyuma, na Guerschom alimjibu kwamba amekijua chanzo chake, kwamba kuiondoa kunataka utulivu, na kwamba ataishughulikia mwenyewe akipata nafasi. Nafasi haikupatikana, au ilipatikana ikasahauliwa. Kaltumi aliziunganisha barua zote mbili, akazituma kwenye orodha ya watengenezaji na kichwa kilichosema wazi kwamba kuna mtoto ameumia.

Wakaanza kumsubiri Guerschom. Yeye ndiye aliyeifahamu sehemu ile, na hakuna mwingine aliyethubutu kuigusa. Wiki ikapita bila neno lake. Kaltumi alimpigia simu, ikaita mpaka ikakata. Wiki ya pili Mugisho, mtengenezaji wa Kigali mwenye kalamu kali, aliandika kwamba wapo watu wanaopenda kuitwa baba wa programu lakini mtoto akilia hawaonekani. Waliomjibu walimuunga mkono. Mmoja alisema amesikia Guerschom amepata kazi kwenye kampuni kubwa na hana haja nao tena. Kaltumi alizizuia mbili kati ya barua hizo zisipite, zile za matusi. Nyingine hakuwa na sababu ya kuzizuia.

Jumamosi alipanda boda boda hadi Katwe, kwenye nyumba za kupanga ambako Guerschom aliishi. Jirani, mama mmoja aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, alimwambia kwamba Papa Bénit, baba wa nyumba ile, alianguka bafuni akipiga mswaki, na kwamba wako hospitali ya Mulago.

Alimkuta Darlène, mke wa Guerschom, ameketi kwenye mkeka kando ya kitanda cha wodi, na Guerschom juu ya kitanda amelala, mdomo umevutwa upande mmoja na mkono wa kulia umelegea kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo. Damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo. Daktari alisema uhai upo, lakini maneno, hakuna ajuaye.

Kaltumi alisema atawaandikia wenzao hiyo jioni, waache kumsema vibaya. Darlène aliinuka, akamshika kiwiko, akamtoa hadi kwenye veranda.

"Usiwaambie, dada," alisema. "Nakuomba kwa Mungu wako na wangu. Ile shirika ya Ulaya inamtumia kidogo kila mwezi sababu ya hii programu. Wakijua iko hivi, watakata. Na faili yetu ya wakimbizi ya kwenda Kanada iko mezani kwa wakubwa wa huko. Wakiona mtu hawezi hata kusema jina lake, wataitupa. Acha wamtukane. Matusi hayaui."

Kaltumi aliahidi. Njiani kurudi alijiuliza ameahidi nini hasa, naye ndiye ambaye kila Ijumaa huwaambia watu ukweli wa mambo yao. Muhtasari wa wiki ile uliandika kwamba hitilafu ya Annick bado haijapata wa kuishughulikia. Haukuwa uongo. Lakini aliutazama muda mrefu kabla ya kuutuma, akahisi kama mtu anayefunika maiti kwa shuka safi.

Alizoea kwenda Mulago baada ya kazi, na Guerschom aliporudishwa nyumbani, alikwenda Katwe. Alichukua kompyuta, akamsomea barua za orodha. Mwanzoni alimchagulia zile nzuri: muuguzi aliyeshukuru, mwanafunzi aliyeomba ajiunge. Guerschom alisikiliza, jicho lake moja likimfuata. Jina la Annick lilipotajwa, alisogeza kichwa. Kaltumi akamsomea barua yote, ya mtoto na ya kadi zilizochanganyika. Uso wa Guerschom ukakunjamana, mkono mzima ukapapasa shuka, na kwa juhudi kubwa iliyomtoa jasho akasema neno moja.

"Mlango."

Kaltumi alimuuliza kama anataka mlango ufungwe. Akatikisa kichwa kwa hasira, akalirudia. Mlango. Mlango. Machozi yakamtoka.

Kaltumi hakulala vizuri kwa ajili ya neno hilo. Aliomba ruhusa kwa Darlène amwambie mtu mmoja tu, akakubaliwa kwa shingo upande. Mtu huyo alikuwa Ongom, kijana wa Lira aliyekuwa akiishi Luzira, karibu na Port Bell. Zamani aliiandikia Kadi Moja, kisha akaajiriwa akaacha. Kaltumi alimfuata hukohuko, wakakaa kwenye kibanda cha chai ambako harufu ya ziwa na ya mafuta ya meli ilikuwa nzito. Ongom alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipolisikia lile neno, alikiinua.

"Sista, sikia," alisema. "Guerschom sehemu zote za programu aliziita kwa Kiswahili. Ile inayopokea kadi kabla haijahifadhiwa, aliiita mlango. Anatuonyesha mahali."

Kaltumi alihisi kitu ambacho hakuwa amekihisi tangu barua ya Annick, kama mtu aliyekanyaga chini akakuta kuna ardhi. Ongom alikubali kurudi. Kila siku baada ya kazi yake ya ajira alikaa na ile sehemu iitwayo mlango, akaifumua, akaiandika upya. Alimwandikia Kaltumi barua fupi za maendeleo, na Kaltumi alimsomea Guerschom, naye Guerschom alisema neno lake, mara kwa sauti ya kuhimiza, mara kwa sauti ya kukataa, nao wakalifasiri kwa kadiri walivyotaka. Ijumaa moja Kaltumi aliandika kwenye muhtasari kwamba ufumbuzi uko karibu. Mugisho alijibu kwamba atauamini akiuona. Hata hivyo orodha ilichangamka kidogo; watu waliokuwa kimya wakauliza habari.

Ongom alimaliza. Annick alikuwa wa kwanza kupewa toleo jipya, kwa hiari yake, kwa sababu hakuwa na la kupoteza. Alilijaribu. Umeme ulikatika kama kawaida ya kwao, na ulipowaka, kadi zilikuwa hazijachanganyika. Zilikuwa hazipo. Kadi za asubuhi nzima, za wajawazito waliokuja kupimwa, zilikuwa zimefutika. Annick aliandika hayo bila kulalamika, na chini akaongeza kwamba anajua wamejitahidi.

Siku hiyohiyo, kabla hajajua la kumwambia Ongom, Kaltumi alikwenda Katwe. Bénit, binti mkubwa, alikuwa shule. Darlène alikuwa akifua uani. Guerschom alikuwa kitandani, ameegemezwa mto. Alimwona Kaltumi, akanyoosha mkono kuelekea meza na kusema mlango. Darlène aliingia akijifuta mikono, akachukua kikombe cha maji kilichokuwa mezani, akamnywesha. Guerschom alitulia. Kisha mtoto wa jirani alipita nje akiimba, naye akamwonyesha kwa kidole, akasema mlango, akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

Kaltumi alimuuliza Darlène kwa sauti ya chini.

"Tangu lini anaita maji hivyo?"

"Tangu alipofungua mdomo," Darlène alisema. "Maji ni mlango. Kijiko ni mlango. Mimi pia ni mlango. Ni hilo moja ndilo lilibakia." Akamtazama Kaltumi, akaona jinsi uso wake ulivyobadilika. "Nilizani unajua, dada."

Kaltumi alikaa kwenye kigoda. Alitaka kukasirika na hakumpata wa kumkasirikia. Darlène hakuwahi kuulizwa. Kaltumi alikuwa akizungumza na Guerschom mbele yake kama mtaalamu, naye Darlène alimwachia mambo ya kompyuta kama alivyokuwa akimwachia mumewe. Siku ile Kaltumi hakumsomea Guerschom barua yoyote.

Ongom aliambiwa kwa simu. Akasema taratibu kwamba huenda hitilafu yenyewe haikuwahi kuwa pale, na kwamba yeye amebomoa ukuta mzima kutafuta nyoka aliyekuwa paani. Alisema atajaribu tena. Hakujaribu. Kaltumi hakumlaumu, alikuwa na mke mwenye mimba na bosi aliyeanza kumuuliza kwa nini anasinzia kazini.

Mwezi uliofuata lile shirika la Ulaya lilisitisha msaada. Halikuwa limejua lolote kuhusu ugonjwa. Lilisema tu kwamba limebadili vipaumbele. Darlène alimpigia Kaltumi, akamwambia kwa sauti kavu kwamba siri haina kazi tena, awaambie.

Kaltumi aliandika barua ile asubuhi, Nasur akimtazama kutoka meza ya pili bila kumdhihaki. Alieleza lini Guerschom aliugua, kwa nini hawakuambiwa, na kwamba hatarudi. Aliomba radhi kwa upande wake mwenyewe. Aliomba pia kama kuna mtu yeyote anayeweza kuichukua sehemu ile ya programu na kuisoma kwa utulivu, kwa sababu zahanati bado zinaitumia.

Majibu yalikuja mengi siku mbili za kwanza. Pole. Mungu amtie nguvu. Wengine waliandika kama mtu ameshakufa, apumzike kwa amani, na Kaltumi hakuwa na moyo wa kuwasahihisha. Waliomwita mtoro walisema walikuwa wakimheshimu siku zote. Mugisho aliandika sentensi moja, kwamba angeambiwa mapema asingesema aliyoyasema. Ilikuwa kweli, na ilimchoma Kaltumi kuliko tusi. Wiki iliyofuata Mugisho na wenzake watano walitangaza kwamba wanaanza programu nyingine, mpya kabisa, na kwamba mazungumzo yao yatakuwa kwenye kundi la simu, si kwenye barua pepe za kizamani. Kuhusu ombi la mtu wa kuichukua sehemu ile, hakuna aliyejibu.

Annick aliandika mara ya mwisho kusema wamerudi kwenye makaratasi. Yule mtoto, aliongeza, alikuwa ameanza kupapasa kuta anapotembea. Mama yake alikuwa amempeleka kwa watu wa maombi.

Kisha ikaja taarifa kutoka kwa wenye seva iliyokuwa ikihifadhi orodha zote mbili. Walikuwa wakifunga huduma hiyo. Anayetaka kuhamisha orodha yake ahamishe kabla ya mwisho wa mwezi. Kaltumi aliwaandikia wanachama wote, awaulize nani angependa kuendelea. Walikuwa mamia kwenye daftari la seva. Waliojibu hawakufika kumi, na watatu kati yao walikuwa wakiomba waondolewe. Akawaondoa.

Alikwenda Katwe kumwambia Guerschom, ingawa hakujua atamwelewesha vipi. Alikuta kufuli. Yule mama jirani, sasa akimenya ndizi, alimwambia kwamba kodi iliwashinda na wamekwenda kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa basi la asubuhi. Walimfunga Papa Bénit kwa kanga kwenye kiti asianguke njiani. Darlène alikuwa ameacha salamu, lakini namba hakuacha, kwa sababu simu walikuwa wameiuza. Kaltumi alisimama kidogo pale barazani na kompyuta yake begani. Kisha akamshukuru yule mama, akashuka mtaa kwa miguu, boda boda wakimpigia miluzi naye hawasikii.

Asubuhi ya mwisho ya mwezi alifungua orodha kama kawaida. Mvua ilikuwa imenyesha, na kutoka dirishani alisikia wauza duka wa chini wakipiga fagio maji yatoke kizingitini. Alidhani atakuta matangazo ya mikopo tu. Lakini miongoni mwake, ikisubiri idhini yake, kulikuwa na barua ya mwanamke aitwaye Akidi, mganga msaidizi wa zahanati mpya huko Arua. Alisema amesikia kwa rafiki kwamba kuna programu nzuri ya bure iitwayo Kadi Moja, na kwamba watu wake ni wakarimu, hawamcheki mtu kwa kuuliza. Aliomba ajiunge. Aliuliza pia kama programu inafaa mahali ambapo umeme si wa kutegemewa.

Kaltumi alikaa na barua hiyo mbele yake. Angeweza kuiacha, na mchana seva ingeimeza pamoja na nyingine zote, Akidi asijue hata kama ilisomwa. Alibonyeza, akamkubalia. Kisha akaanza kumjibu. Aliandika maneno ya kumkaribisha, akayafuta. Aliandika habari za Guerschom, jinsi alivyokuwa akijibu watu, akazifuta nazo. Kwenye ngazi zilisikika buti za dereva wa kwanza.

Aliandika: "Dada Akidi, usiitumie. Umeme ukikatika inachanganya wagonjwa, na hakuna aliyebaki wa kuitengeneza. Tumieni karatasi, na muandike majina yote matatu ya kila mtoto."

Aliituma. Dereva aliingia, akasalimu, akauliza karatasi za mzigo wa Gulu ziko wapi, na Kaltumi akamwambia asubiri kidogo, anazichapa.